Kunywa Baada ya Mpishi

...na goti lake la kulia lilikuwa limeshanyanyuka, hilo ndilo lililomtia Micah Kipkemei bumbuazi, si maneno yenyewe, maneno aliyasikia sawasawa, Memsaab, mama wa Kizungu anayempikia, alimwinamia pale kwenye reli ya madhabahu akamnong'oneza kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mpishi, wewe pita hii upande ingine, mimi nataka kunywa mbele," na kabla kichwa hakijaelewa goti likawa limekwisha kutii, goti la mtu mzima mwenye wajukuu, siku ya Pasaka, mbele ya Mungu na waumini wote wa Nakuru, akalirudisha chini polepole, asimtazame, na kikombe bado kiko kule mwanzo wa reli, mkono wa kulia, Padri Kemboi anakiinamisha, anakifuta kwa kitambaa, anasogea, damu iliyomwagwa kwa ajili yako, mama mmoja anaitika amina, basi asonge au asisonge, akisonga atakuwa ameitika amina kwa jambo jingine kabisa, asiposonga, kesho alfajiri ana jiko la kuwasha katika nyumba ya huyu huyu... na huku amefuata nini, Wazungu wana ibada yao ya Kiingereza, lakini mvua, padri wao amekwama na gari kwenye matope ya Subukia, na Pasaka haiahirishwi, ndipo Memsaab akaingia na kofia yake ya unyoya katika ibada ya Kiswahili, watu wakampisha, akaja kupiga magoti hapa, mahali pa Gathuru, fundi viatu, rafiki yake Micah, ambaye malori ya serikali, katika msako wa hali ya hatari, yalimsomba pamoja na Wakikuyu wenzake bila kumpa nafasi hata ya kuvua aproni, na tangu hapo Micah huacha pengo kushotoni kwake, pengo ambalo leo linanukia sabuni ya waridi.

Kunywa mbele... anajua maana yake, nani asiyejua, kikombe cha Micah kule kwa Memsaab ni cha bati, kinaning'inia msumarini nje ya mlango wa jikoni, mvua ikinyesha kinajaa, hakijawahi kuingia ndani, na mwaka ule aliposhikwa na homa, meno yanagongana, akaikamata bilauri iliyokuwa karibu akanywa maji, Memsaab akamwona, wala hakufoka, afadhali angefoka, alisema kwa upole kabisa, "Hapana weka kabati, vunja tu," na Micah akaenda na nyundo nyuma ya banda la kuni akaivunja, bilauri nzima isiyo na ufa, akafukia vigae, kisha akarudi kuwakandia mkate wa jioni kwa mikono hii hii... mikono hii, na supu je, supu huonjwa na nani, mwiko unaingia chunguni, unakuja mdomoni, unarudi chunguni, wapishi wote ndivyo wanavyoonja, miaka nenda miaka rudi mate ya Micah yamo matumboni mwa Bwana na Memsaab na wageni wao wa mbio za farasi, wakala, wakaomba nyongeza, hajafa mtu, kicheko kikampanda kooni akakimeza, si mahali pake, lakini kama mate hayakumdhuru mtu, ile bilauri ilivunjwa kwa kosa gani... "Amina," mtu wa tatu kutoka kwake, kikombe kinakuja, na hapo likampiga jambo lenyewe, likampiga kifuani, kwamba kabla Memsaab hajanong'ona lolote, alipouona tu ule mkono mweupe kwenye reli, yeye Micah alikuwa amekwisha kupanga kufumba midomo, kikombe kimguse tu, asije akamchafulia... asije akamchafulia, ee Mungu, neno hilo alilimeza lini, nani alimlisha, kumbe siku ile ya nyundo hakuna aliyemlazimisha kuamini, aliamini mwenyewe, akaja nalo kanisani kila Jumapili ndani ya koti lake safi, na inauma, inauma kuliko homa, maana Bwana Yesu hakuandaa vikombe viwili, kilikuwa kimoja, hata Yuda alikinywea, na hakuna aliyeambiwa apite upande mwingine.

"Mpishi. Wewe hapana sikia?"

"Nasikia, Memsaab," akasema, akabaki pale pale, magoti yote mawili chini, jiko la kesho litajijua lenyewe, na Padri Kemboi amesimama mbele yake, damu iliyomwagwa kwa ajili yako, Micah akakishika kikombe kwa mikono miwili akanywa, hakugusisha mdomo, alinywa, funda zima, divai kali ikashuka nayo machozi yakashuka, amina, na viatu vya Padri vikasogea kushoto, na maneno yale yale yakasemwa juu ya kofia ya unyoya, kwa ajili yako, amina bado haijasikika, na Micah, aliyeishi miaka yote kwa kuusoma uso wa mwanamke huyu ajue siku yake itakuwaje, akafumba macho, akashtuka kuona kwamba hana haja ya kugeuka.