Mbegu ya Mtindi Kwenda Mbaha

Walburga aligandisha mtindi nyumbani kwake Mbinga na kuupeleka sokoni. Wifi yake Marselina, dada wa mumewe, aliyeolewa Mbaha kando ya Ziwa Nyasa, alipopata ng'ombe alimwomba mbegu: mtindi kidogo wa kutia kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupoa, ili nayo yagande. Walburga akamtumia chupa kwa basi. Mtindi ulifika mchachu kabisa, lakini maziwa ya Marselina hayakuganda. Yaliharibika tu.

Jambo hilo lilimkera Walburga, kisha likamnasa. Kama uchachu ulikuwepo, kilichokosekana ni nini? Akamwuliza Florian, bwana mifugo wa kata. Huyo akamweleza kwamba wanaogandisha maziwa ni bakteria walio hai, na uchachu hubaki hata wao wakifa. Joto la njiani liliwamaliza.

"Labda uwakaushe," alisema. "Wakikauka vizuri hulala. Ila namna ya kuwakausha bila kuwaua, mama, hapo nami ningependa kujua."

Walburga akaanza kujaribu. Mtindi alioanika juani ulikauka upesi, lakini ulipotiwa kwenye maziwa haukufanya kitu. Uliokaushwa karibu na jiko, vivyo hivyo. Siku moja, akifunika kahawa aliyoianika kichanjani ili jua la mchana lisiipasue, alisita, turubai likiwa bado mikononi. Akachanganya mtindi na unga wa mahindi uliokaangwa na kupoa, akautandaza mwembamba kwenye kitambaa safi chini ya kichanja, penye kivuli na upepo. Ulipokauka akausaga, akatia kijiko kwenye maziwa. Kesho yake alikuta yameganda. Akaitikisa sufuria taratibu, akacheka peke yake.

Unga ule ulisafiri salama hadi Mbaha. Marselina naye akataka kujua utadumu wapi: kopo moja akaliweka kabatini chini ya bati, lingine kwenye mchanga mbichi pembeni ya mtungi wa maji. Joto la ziwani lilipopanda akajaribu unga wa yote mawili kwenye maziwa, kisha akapiga simu.

"Wifi, wa mtungini wameamka. Wa kabatini, kimya."

Walburga akauliza harufu ya mtindi, akauliza uzito wake. Marselina akajibu yote, halafu akasema jirani yake ana mbuzi wa maziwa.

"Unadhani watakubali maziwa ya mbuzi?"

"Sijui," alisema Walburga. "Usianze mpaka nifike."

Akavaa viatu, akaenda kuulizia basi la ziwani.