Cheti Kilichoandikwa Mapenzi

Wallahi mimi ndiye niliyeharibu, na asinipoze mtu. Mwaka 2003 mwanangu Tahani alirudi Nizwa kutoka Ujerumani na udaktari wake; wa vitabu, si wa sindano. Chuo kilimwahidi kazi, lakini kwanza cheti kitambuliwe wizarani Maskati, na jina la utafiti litafsiriwe kwa Kiarabu na kupigwa mhuri.

Alinieleza utafiti wenyewe tukichagua mchele. "Yaani mama, hadithi za Wajerumani za miaka mia nyuma. Mwanamme anamkamata msichana kwa nguvu, mwandishi anaruka pale bila kusimulia, ukurasa wa pili msichana ana mimba. Halafu maprofesa miaka sabini wanasema ni mapenzi. Mimi nimeandika amebakwa."

Mkono wangu ukasita kwenye sinia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Unguja, rafiki yake baba aliponifungia chumbani. Wiki mbili baadaye nikaozwa yeye huyo huyo, na jamaa mpaka leo husema alinipenda mno. Babake Tahani, mume wangu wa pili, alikuja miaka mingi baadaye. Hata yeye sikumwambia.

Siku ya kutafsiri Tahani alikuwa na homa, nikaenda mimi kwa Khelef, mtarjumani wa pale karibu na ngome. Alisoma, akavua miwani.

"Bi Ghaniya, niandike hivi hivi? Kubakwa?"

"Astaghfirullah! Weka mapenzi. Mtoto hajaolewa bado, watu watamtazamaje?"

Akaweka, akagonga mhuri, nikazituma karatasi Maskati mimi mwenyewe. Nikarudi nyumbani nimefurahi, mjinga mimi.

Cheti kilirudi baada ya miezi mitatu: Mapenzi katika Hadithi za Kijerumani. Tahani alikisoma amesimama, kisha akakaa chini sakafuni.

"Mama, hata wewe?"

Tukaenda Maskati kuomba kirekebishwe. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, akaniita mama. Akasema karatasi ya Kijerumani na ya Kiarabu hazilingani, na kama aliyebadilisha hakutoa sababu ya maana, itaandikwa kuwa Tahani mwenyewe kaghushi. Kazi basi.

"Kwa nini ulibadilisha, mama?"

"Mwambie tu, mama," Tahani akaninong'oneza, kanishika mkono.

Nilitaka kusema, Mungu shahidi yangu. Nilikiona kile chumba, na kitasa chake. Nikafungua kinywa.

"Aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yangu."

Afisa akaandika, akatusomea: mama anauonea aibu utafiti wa binti yake. Akasema samahani, hiyo si sababu, akafunga faili.

Tahani akautoa mkono wake mkononi mwangu. "Nilijua unanionea haya," akasema, hata hakukasirika.

Ndani ya gari nilijiambia, tukifika Izki, pale njiani, nitamwambia. Tukafika Izki, akasimama kutia petroli, akaninunulia maji, akanifungulia kifuniko kwa sababu vidole vyangu vinauma. Nikayanywa. Tukaendelea mpaka Nizwa.