Kaburi la Sabiha

Alhamisi asubuhi, katika maabara moja mjini Tanga, Tadeo, msaidizi wa daktari, alifungua kabati la joto akatoa chupa yenye chembe hai za uvimbe wa mfupa wa Sabiha. Alikuwa amezilisha maji ya damu ya ndama, nazo zimekaa tu, kama mgeni asiyekipenda chakula cha mwenyeji. Sasa akazipa maji ya damu ya kitovu, kutoka wodi ya wazazi. Kufika jioni zilikuwa zimejaa chupa. Daktari Mzungu alifurahi. Alisema damu hiyo ina kitu kinachoziamuru zikue.

Jioni hiyohiyo, makaburini Mabawa, kaburi la Sabiha lilirefuka shubiri moja.

Sabiha alikufa mwaka 1954, akiwa na miaka tisa. Mguu wake uliokatwa kwa ule uvimbe ulitangulia kuzikwa, mwenyewe akafuata. Mama yake, Kijakazi, hakuambiwa kwamba kipande cha goti kimebaki kwa daktari. Aliambiwa na Miraji, mchimba makaburi, walipokuwa wakiusogeza ubao wa miguuni.

"Mtoto kakua, dada. Kuna kiungo chake hakikuzikwa, na kinalishwa."

Kijakazi akaenda maabara.

"Shikamoo, Mama Sabiha," alisema Tadeo, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Nipe changu nikakizike."

Daktari akajibu kwamba kile si mtoto, ni ugonjwa, na ugonjwa hauna mwenyewe. Kisha akamwomba damu, kwa kuwa ile ya kitovu imekwisha.

Hapo Kijakazi alishindwa. Akinyima, huenda mwanawe akapumzika. Akitoa, atamwona akikua, na hamu ya kumwona ilikuwa ikimla moyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akakunja mkono wa gauni.

Mwaka wa tatu kaburi lilikuwa la mwanamwali. Kijakazi akanunua kanga, akaitandika juu yake, akalia sana. Kesho yake alikwenda kusema basi, hatoi tena, anataka chupa yake. Tadeo akamwambia chupa imepelekwa Ulaya kwa ndege. Huko damu haiwaishii.

Idi iliyofuata kaburi liligusa ukuta wa makaburini. Wazee wa msikiti walikaa, wakakubaliana, wakaubomoa.

Siku hizi Kijakazi hukaa kichwani pa kaburi, akivuta kanga vizuri. Upande wa pili uko mbali, na macho yake hayaoni tena sawasawa, hivyo humtuma Miraji akatazame kama miguu ya mtoto imefunikwa.

Miraji huenda, hurudi, humwambia bado.