Mikanda Iliyokimbia

Mwenye duka la dobi alikuwa na mkwe mmoja, na kwa bahati mbaya mkwe huyo alijua Kiingereza. Tuseme alikijua kama mpita njia anavyolijua jumba la tajiri: kwa nje. Lakini baba mkwe aliamini, akampa cheo cha msimamizi na tai mbili. Wafanyakazi wakamwita Msomi. Yeye akadhani ni heshima.

Aliyezifua nguo za mtaa ule kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke waliyemwita Shangazi. Kiingereza chake kiliishia kwenye "sori". Ila nguo alizijua. Angeishika nguo kidogo tu kati ya vidole akakwambia kama itarudi au itavutika.

Jumatatu moja mwalimu wa kwaya, mgeni aliyejifunza Kiswahili ukubwani, aliacha mzigo: majoho meupe kumi na mawili na mikanda myekundu kumi na miwili, yote mipya, ya kuimbia Jumapili. Juu yake alibandika karatasi ya Kiingereza. Msomi akaisoma, akakohoa, akatafsiri: mikanda inaweza kukimbia.

Shangazi akauliza ikimbie kwenda wapi.

Msomi akamtazama kwa huruma. Akaeleza kwamba kukimbia ni haraka, na haraka maana yake mwenye mali hana muda. Kwa hiyo mikanda na majoho viingie pamoja, maji ya moto, vitoke upesi. Aliyasema hayo mkono mmoja mfukoni, kama mtu anayehutubia wakurugenzi.

Shangazi alikuwa ameshalowesha ncha ya mkanda mmoja na kuikandamiza kwenye kitambaa cheupe. Akamwonyesha doa.

"Mwanangu, hii inachuja. Ukichanganya umeharibu."

"Shangazi, karatasi kaandika mwenye nguo. Au siku hizi na wewe unasoma Kiingereza?"

Wapiga pasi waliinamisha vichwa. Shangazi alijifuta mikono kwenye aproni, akasogea kando ya mashine, akamwambia kama ni hivyo abonyeze mwenyewe, maana kidole chake yeye kina haya. Msomi akabonyeza.

Dakika arobaini baadaye majoho yalitoka yana rangi ya ufizi wa mtoto.

Mwalimu alipokuja Jumatano, Msomi alimpokea kwa lawama: karatasi ilisema kukimbia, haikusema kuchafua. Mwalimu aliomba kiti kwanza. Kisha akaeleza polepole kwamba kwao neno hilo halitembei kwa miguu tu. Rangi ikichuja, inakimbia. Pua ikitoka kamasi, inakimbia. Mashine ikifanya kazi, maji yakitoka bombani, yote ni kukimbia, na mwenye duka naye hulikimbiza duka lake. Msomi aliyaandika yote, bila haya, kana kwamba kosa lilikuwa la lugha.

"Neno moja kazi zote hizo?" akasema. "Basi hiyo si lugha, ni fujo."

Shangazi, ambaye hakuwa ameulizwa, aliweka beseni chini.

"Na sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga deki. Umewahi kuiona sakafu inalia? Neno unalitazama limekaa na nani. Likikushinda, uliza. Kuuliza kukikushinda, funga mdomo."

Mwalimu alicheka mpaka akakumbuka majoho yake, akaacha.

Mwenye duka alikuwa mlangoni na alisikia yote. Alimwomba mteja radhi, kisha akamwuliza Shangazi, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, kama kuna la kufanya. Shangazi aliyaloweka majoho siku mbili kwenye maji baridi na dawa ya kung'arisha, akibadilisha maji kila baada ya saa chache, hakuruhusu mtu mwingine aguse. Kumi na moja yakarudi kuwa meupe. La kumi na mbili lilikataa katakata, na Jumapili lilivaliwa na mwimbaji wa safu ya nyuma, mtu mfupi, ambaye hakuna aliyemwona.

Msomi alihamishiwa mbele, kupokea nguo na kubandika namba. Huwaeleza wateja kwamba amewekwa pale kutokana na uzoefu wake na wageni.