Ndama wa Nyasi

Nimetembea nchi nyingi kwa miguu, na shule nimesoma vipande vipande, lakini nililoliona Nsambya mwaka wa sabini na tatu sijalikuta popote tena.

Nilikuwa mswaga ng'ombe. Tulifikisha themanini kwenye zizi la jeshi bondeni, chini ya nyumba za polisi. Karibu na hapo askari walimkuta ng'ombe wa Mama Anena, mama wa nyumba zile, akijilia majani tu, wakamswaga pamoja na wetu. Mume wa mama huyu, polisi, alichukuliwa na watu waliokuja na gari mwaka uliopita, hakurudi. Binti yake alikufa akijifungua. Mjukuu aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule, na ng'ombe wote wa zizini walikuwa wachinjwe asubuhi hiyohiyo.

Mama akaja na kitu begani, kimefunikwa leso.

"Afande, ng'ombe yangu imo humu."

Koplo Abdulghani, mtoto wa mjini, akacheka. "Zote nyekundu, zote na pembe. Yako imeandikwa jina?"

"Itasema yenyewe."

Akafunua. Ngozi ya ndama, imeshindiliwa nyasi kavu, miguu ya vijiti. Koplo akaruka nyuma, bunduki juu.

"We mama! Unaleta uchawi kwa jeshi?"

Nikajikaza. "Si uchawi, afande. Ndama wake alikufa. Bila ndama, ng'ombe anabana maziwa, hatoi. Basi wanamjazia ngozi, anailamba."

"Na wewe nani alikuuliza?"

Mama Anena hakutusikiliza. Akaisimamisha ngozi langoni, akapiga mluzi mdogo, kama anapuliza uji wa moto. Ng'ombe waliendelea kucheua. Halafu nyuma kabisa mmoja akalia. Akaja akisukuma wenzake kwa pembe, akapenyeza pua kati ya magogo, akalamba lile sikio kavu.

Na maziwa yakaanza kushuka. Hakuna mkono uliomgusa. Chuchu zote nne, vumbi likawa tope jeupe.

Koplo akavua kofia, sidhani alijua ameivua. "Subhanallah," akasema polepole. Akaondoa magogo mwenyewe. "Chukua, mama yangu. Haraka. Wakiuliza, ilikufa njiani."

Mama akapanda kilima kinyumenyume, ndama wa nyasi mikononi, ng'ombe akimfuata huku analamba.

"Inajua mtoto wake alikufa?" koplo akaniuliza.

"Sijui, afande."

Tukasimama pale tukitazama matone meupe njiani, mpaka siafu wakayafikia.