Maksai Aliyeitwa Nicolaus

Wenzake kijijini Nyamuswa walikuwa wakiwaita ng'ombe wao kwa rangi. Mzee Mniko, yeye na ukorofi wake, aliwapa wake majina ya wachezaji wa timu ya taifa ya zamani, ile aliyokuwaga anaisikiliza redioni ujanani. Ukimkuta asubuhi anamgombeza winga kwa kuingia kwenye mihogo ya jirani, usishangae. Ndivyo alivyo.

Kipenzi chake alikuwa Abednego, maksai mwekundu mwenye jina la kapteni aliyetikisa nchi. Huyo alilima shamba lote la pamba bila kuonja fimbo. Mniko alimpenda waziwazi, mpaka mkewe Eufrasia akawa anasema angejua mapema, naye angeota pembe.

Sasa mtoto wao Elias akapata mchumba Butiama, na siku ikafika ya baba wa binti, mzee Clementi, kuja zizini kujichagulia ng'ombe wa mahari. Na desturi ni desturi: ng'ombe akishaguswa na fimbo ya mkwe, huyo kaondoka. Mwenye zizi haruhusiwi kukataa. Ila kuongea hajakatazwa mtu.

Kusikia yale majina, Clementi akacheka mpaka akajifuta machozi, kwani naye alikuwa mgonjwa wa mpira. Kila ng'ombe akauliza anaitwa nani, akakumbushia mechi, akagusa au akapita. Alipomkaribia Abednego, Mniko akapiga hesabu ya haraka. Akimtaja kapteni, mzee yule atamwacha kweli? Thubutu! Hapo ndipo ulimi ulipomponza.

"Huyo anaitwa Nicolaus," akasema, kakunja uso kama anayemwonea haya mnyama wake.

Nani asiyemjua Nicolaus? Ndiye aliyepaisha penalti ya mwisho, kombe likaenda kwa jirani, nchi nzima ikalala na njaa chakula kikiwa mezani. Mniko akakoleza: maksai huyo mvivu, ana mkosi, akifungwa jembe analala chini, jina hilo hakulipata bure.

Clementi hakucheka tena. Aliinua fimbo, akailaza taratibu mgongoni kwa maksai.

"Nicolaus ni mdogo wangu," akasema. "Baba mbalimbali, lakini tumenyonya ziwa moja. Yuko Musoma, pale Kigera, hata sokoni haendi. Nchi hii hakuna aliyempa jina lake hata mbwa. Wewe umempa maksai mzuri hivi, tena na uvivu wake hujamuuza. Mungu akubariki, mkwe."

Mniko akajikuta mtegoni. Akisema kweli, amejiita mwongo mbele ya mkwe, na Elias alikuwa amesimama langoni anamtazama kama mtu anayeona harusi yake ikipelekwa kaburini. Akinyamaza, Abednego ndiyo basi. Akanyamaza.

Clementi akaomba kitu kimoja tu: amwite maksai aje mwenyewe, amwone anavyotembea.

"Nicolaus," Mniko akaita. Maksai akaendelea kucheua. Akaita tena, kwa sauti zaidi, na hata sikio halikutikisika. Maskini mzee wa watu! Leo ameumbuka, na mwanawe ataoa mwanasesere.

Clementi akatikisa kichwa, macho yamemlowa. "Mwache, mkwe. Hata mwenyewe siku hizi akiitwa hageuki."

Hapo Mniko akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Akaingia zizini, akamfunga maksai kamba kwa mikono yake, akampapasa shingo, akamtoa mpaka barabarani. Clementi alipoipokea kamba, Mniko hakuiachia mara moja.

"Ya uvivu nilidanganya," akasema. "Hajawahi kulala shambani hata siku moja. Mwambie Nicolaus, katika zizi langu lote yeye ndiye alikuwa bora."