Wimbo Aliozikiwa Severini

Kila Bernadeta alipopanda milima ya Mgeta akitokea chuoni Morogoro, watu walimuuliza: mtoto wa kike anasomea Kilatini, anataka awe padre wa wapi? Naye, kwa haya zake, alitabasamu tu akapita. Safari hii hakuna aliyemtania. Mzaa mama yake, Bibi Prisca, hakuwa mtu wa kupona tena, na mwenyewe ndiye aliyeagiza mjukuu aitwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Wamekukondesha huko. Keti karibu."

Kitanda kilikuwa kimesogezwa mlangoni apate jua. Bibi alivuta pumzi, kisha akaanza kuimba kwa sauti nyembamba. Ulikuwa wimbo wa mazishi wa Kilatini, aliofundishwa na masista wa misheni alipokuwa msichana. Maneno mengine yalikuwa yamepinda kwa miaka, lakini Bernadeta aliyatambua yote.

"Nilimwimbia mjomba wako Severini tulipomzika," bibi alisema. "Alikuwa hata hajaanza kutambaa. Wenzangu walilia wakashindwa, nikamaliza peke yangu. Maana yake siijui, na padre niliona aibu kumuuliza. Sasa namfuata mwanangu. Nataka nijue nilimwambia nini."

Bernadeta aliinamisha macho. Wimbo huohuo waliuchambua darasani, na mhadhiri akausifu kwa jinsi unavyotisha: dunia inateketea iwe majivu, wafu wanasimamishwa mbele ya hakimu, hakuna kosa linalosahauliwa. Tafsiri ya Bernadeta ilisomwa mbele ya wenzake. Lakini kumwambia hayo mama aliyemzika mtoto mchanga, naye mwenyewe yuko njiani?

"Unasema mtoto alale salama, bibi. Malaika wampokee."

Bibi alimtazama miguuni.

"Wewe tangu utoto hujui kudanganya, unakunja vidole vya miguu. Na mtoto habembelezwi kwa sauti ile. Pale inaposhuka nilikuwa nasikia baridi mgongoni. Haya, sema."

Akasema. Alianza na majivu, akaja kwa hakimu, kila neno likimtoka kwa shida kama anayemwagia mgonjwa maji ya baridi. Mkono wa bibi ulikuwa ukivutavuta ukingo wa shuka.

"Yote hayo nilimwambia Severini?"

"Hapana, bibi." Hapo Bernadeta aliinua uso, kwa kuwa hili lilikuwa kweli na alilijua vizuri. "Anayeogopa humo ni yule anayeimba. Anajiuliza atajitetea vipi siku hiyo, anaomba asisahauliwe. Anajiombea mwenyewe."

Alitarajia kuona ule uso ukilegea. Haukulegea.

"Kumbe nilikuwa najiombea mimi," bibi alisema polepole. "Mtoto nikamfukia bila kumwambia kitu."

"Unaweza kumwambia sasa."

"Kwa lugha gani, mke mwenzangu? Yule alikuwa hajajua hata moja."

Machozi yalimtoka Bernadeta, akayaacha. Bibi akamvuta mpaka kichwa chake kikalala ubavuni pake, akaanza kumpigapiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama anayelaza mtoto. Aliendelea hivyo mpaka jua likahama mlangoni, macho yake yakiwa mbali, wala hakuwa akimbembeleza mjukuu.